Foleni tunaisingizia bure, gari linachelewa kabla halijawashwa

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila wa kuazima, kuna kaka anauza vifungo na zipu jirani na ninaposhonea hapa Kariakoo ndo analinunua gazeti, akimaliza kusoma ananipa, kwa hiyo habari za asubuhi mi huwa nazipata saa 8 mchana na ukurasa wa michezo sikuti, umeshafungiwa vitu vya watu. Ndo maana najibu kwa kuchelewa barua ya msomaji mmoja aliyeandika kuhusu daladala za Dar kuchelewesha watu, akasema matatizo ni mawili tu, foleni na uhuni wa makonda, barabara zikipanuliwa na makonda wakikamatwa basi tumepona. Nilicheka. Huyu ndugu ama ana usafiri wake ama anapanda daladala saa 4 asubuhi, saa hiyo konda anakubembeleza mpaka unajiona bosi.

Mi nakaa Ulongoni, ukishuka Gongo la Mboto unachukua bodaboda unaingia ndani. Mwaka wa 13 huu naenda na kurudi kwa barabara ya Nyerere, ile wazee mpaka leo wanaiita Pugu Road. Foleni naijua. Naijua ya Tazara kabla ya daraja la juu na baada ya daraja, maana lile la Mfugale lilipofunguliwa mwaka 2018 tulishangilia kweli, pale makutano ulikuwa unaweza kununua karanga ukazimaliza na hujavuka, na kwa kweli pakapungua, mi si mtu wa kukataa jema. Sasa hivi na ujenzi wa njia ya mwendokasi huku kwetu ndo usiseme, leo mnapitishwa kushoto kesho kulia, keshokutwa suka, yaani dereva, mwenyewe hajui apite wapi. Foleni ipo jamani sikatai. Ninachobisha ni kwamba siyo yenyewe inayotula muda kuliko vyote.

Nimejuaje? Nimeandika. Mwezi uliopita nilikasirika siku moja nikachukua daftari langu la vipimo vya wateja, upande huu bega, kifua, kiuno, urefu, upande wa pili nikawa naandika saa, saa niliyofika kituoni, saa niliyoingia kwenye gari, saa gari lilipong'oka, saa nilipokanyaga Gongo la Mboto. Wiki 3 nimefanya hivyo, jumatatu mpaka jumamosi. Mteja mmoja alilifungua akaniuliza hivi mama huyu mwenye 12:05, 12:50, 2:30 ni nani mbona hana kiuno.

Kilichotoka humo kilinishangaza hata mimi. Jioni, siku nyingi, muda niliosimama nikisubiri gari litokee ukijumlisha na ule niliokaa ndani ya gari lililosimama, ulikuwa mwingi kuliko muda wa gari kutembea, na kutembea hapo nimeweka na foleni yake yote. Kuna jumanne moja niliingia kwenye Eicha, haya mabasi madogo, saa 12 kasorobo, siti zimejaa, watu kama wanne wamesimama, konda anasema bado vichwa kumi tu tunaondoka, suka kazima injini kashuka kwenda kunywa kahawa. Kahawa, Mhariri! Tumekaa mle dakika 40, na joto la Kariakoo la jioni unalijua, mtoto wa mtu analia, mpiga debe kila akipita mtu anapiga bati kofi, Gongo la Mboto anaifupisha, "Gombo hiyo inaondoka, siti ya dirishani hiyo mama", siti ya dirishani ipi wakati mi niliyoko dirishani nimekaliwa mpaka bega. Ikafika mahali mzee mmoja akamwambia konda, mwanangu hata maiti haicheleweshwi hivi. Konda akajibu, mzee wangu maiti hailipi nauli. Gari zima likacheka, na yeye mzee akacheka, ndo tulivyo, tunacheka halafu tunaendelea kukaa.

Asubuhi ni kinyume, gari halikai hata dakika mbili, unayekaa ni wewe. Hapa lazima nieleze kugeuza kwa wale ambao hawajawahi. Mtu yuko Mzambarauni au Mombasa (siyo ya Kenya, Mombasa ni kituo chetu Ukonga, kila mgeni akisikia konda anaita "Mombasa wa kushuka" anashtuka), anataka kwenda mjini, akisimama upande wa kwenda mjini magari yanapita yamefunga mlango. Kwa hiyo anavuka barabara, anapanda gari linalokuja mwisho huku Gongo la Mboto, liko jeupe, analipa nauli, anafika nalo stendi hashuki, linageuza na yeye yuko kwenye siti yake katulia, analipa tena. Nauli mbili safari moja. Matokeo yake sisi tunaokaa mwisho wa ruti, ambao kwa akili ya kawaida gari ndo linaanzia kwetu, tunalipokea limeshajaa. Linaanza safari limejaa, hebu fikiria hicho kitu. Saa 11 na nusu alfajiri unaona wamama watu wazima wanatupa mkoba dirishani kuwekea siti, vijana wanapita hukohuko dirishani miguu juu, na watoto wa shule wamesimama pembeni na mabegi wanaangalia, maana denti analipa 200 na konda anamwona kama hasara iliyovaa sare. Mi huwa naamka saa 10 na robo. Kazini naanza saa 2.

Halafu kuna kukatisha. Hii ndo inayoniuma zaidi ya zote na yule ndugu hakuigusa kabisa. Ubavuni gari limeandikwa Gongo la Mboto, konda kaita Gongo la Mboto mpaka sauti imekauka, nauli katoza ya Gongo la Mboto tena mapema kabisa kabla hatujafika Karume, tukifika Buguruni taa za ndani zinawashwa, "haya mwisho wa gari, shukeni wote". Alhamisi moja nilimuuliza.

"Konda, si umetuambia Gongo la Mboto?"

"Mama gari bovu, gia haziingii."

"Na zilivyoingia kutoka Kariakoo?"

"Mama shuka basi, chukua hii mia mbili."

Tukashuka, saa 1 na nusu usiku, watu zaidi ya 30 tumemwagwa barabarani na wengine waliokuwepo pale wakisubiri tangu saa 12, na gari bovu hilohilo nikaliona kwa macho yangu linageuza kwa mbio gia zote zinaingia, linarudi Kariakoo kubeba wengine. Kulikuwa na binti wa shule kasimama karibu yangu yeye hata hiyo mia mbili hakurudishiwa. Nililipa tena nauli mpya kwenye gari jingine nikafika kwangu saa 3 na dakika 20, daftari linasema.

Sasa tunaishije? Tunaishi. Watu wa hii barabara tumeshakuwa na ujanja wetu ambao hakuna aliyetufundisha. Viatu vya kazini vinakaa ofisini, barabarani ni raba, maana huwezi jua utatembea kutoka wapi mpaka wapi. Hela ya nauli naiweka mafungu mawili mifuko miwili, ya kwenda na ya kukatishiwa. Majirani zangu wa Ulongoni tuna kundi la wasap tuko 46, lilianza kama kundi la msiba halikufungwa, sasa hivi kazi yake ni moja tu, "jamani Ilala Boma kuna Kosta inageuza iko tupu", "msije Buguruni watu kama siafu", "tuko watatu tunatafuta wa nne tuchange bajaji", na mwenye chumvi anatuma picha yuko nyumbani ameshaoga. Kuna dada mmoja wa uhasibu yeye kaamua haondoki mjini mpaka saa 2 na nusu usiku, anakaa kanisani kwenye kwaya, anasema hana hata sauti ila kwaya imemwokoa na daladala.

Na kuna kitu kimoja nitakisifia hata nikiwa na hasira vipi. Ndani ya hilo gari lililobanana kama dagaa, mama akipanda na mtoto mgongoni huku amekamata bomba, atasikia tu mtu asiyemjua anamwambia lete nikupakatie. Anampa. Mtoto wa watu anakaa kwenye mapaja ya mtu ambaye mama yake hata sura hajaiona vizuri, analala mpaka kituo cha Banana huko. Mi nimeshapakata watoto sijui wangapi, nimeshapakata kuku, nimeshapakata begi la fundi bomba lina spana nikashuka na goti limevimba. Ukiwa umekaa na mwenzio kasimama na mzigo usipompokea watu wanakuangalia vibaya. Siku ile ya kahawa ya suka, yule mtoto aliyekuwa analia alizungushwa siti kwa siti mpaka akaishia kwa yule mzee wa maiti, huko ndo akanyamaza.

Nirudi kwenye uhuni wa makonda. Na hapa nina maslahi naomba niseme mapema. Nakaa na mtoto wa marehemu dada yangu, kijana wa miaka 24, ni deiwaka. Deiwaka siyo konda mwenyewe wa gari, ni yule anayeshikilia siku konda mwenyewe akipumzika au akiugua, leo gari hili kesho lile, hana cha mkataba wala cha nini. Anarudi saa 6 usiku ananiamkia shikamoo mamdogo, sauti hana kabisa ni upepo tu unatoka. Siku ile niliyotupwa Buguruni nilimsubiri nikamvaa, nikamwambia hivi nyie watoto kwa nini mnatufanyia hivi, mimi mama yako mdogo unaweza ukanishusha Buguruni usiku?

Akakaa chini akaniambia mamdogo, hesabu.

Akanichorea kwenye hilohilo daftari. Gari analofanyia sana hesabu ya tajiri, yaani hela anayopelekewa mwenye gari, ni laki na thelathini kwa siku, mvua ije jua lije. Mafuta ni juu yao suka na konda. Wapiga debe kila kituo wanataka chao. Kuosha gari, pancha, faini ikitokea, vyote juu yao. Kinachobaki ndo suka na konda wanagawana, na yeye deiwaka anakatiwa humohumo. Siku ikibaki elfu kumi na tano wanashukuru, kuna siku hesabu haitimii wanadaiwa kesho. Sasa, anasema, jioni na foleni ile, Kariakoo mpaka Gongo la Mboto ni tripu moja na usiku umeisha. Kariakoo Buguruni unapiga tatu. Na nauli, Mhariri hapa ndo alinifumbua macho, nauli haipishani. Desemba 2023 zilipopanda, kilometa 10 za mwanzo zilitoka 500 zikawa 600, na wa kilometa 11 mpaka 15 akawa analipa 700. Yaani anayekwenda mbali anaongeza mia tu. Kichwa kilichokaa kwenye siti masaa mawili mpaka Gongo la Mboto kinaleta mia tu zaidi ya kile kilichokaa dakika 25 mpaka Buguruni, na kwenye siti hiyohiyo wangekaa watatu kwa zamu. Nikanyamaza. Mi fundi, nikiletewa shati la kubadilisha kola na gauni la harusi na malipo yanapishana mia, unadhani nitaanza na lipi?

Na ndo hiyohiyo inayofanya gari lisiondoke kituoni mpaka lifurike. Ukiondoka na siti tatu tupu hizo siti tatu hazitoki kwenye mfuko wa tajiri, zinatoka kwa suka na konda. Kwa hiyo wanakaa. Wanakaa na sisi ndani. Saa yangu na saa ya mwanangu aliyeko nyumbani anasubiri chakula haimo kwenye ile hesabu popote, nimeikagua mstari kwa mstari.

Simtetei mtu. Yule aliyesema gia haziingii ni muongo na kile kisichana cha shule alikidhulumu, na huyu mtoto wa dada nimemwambia akithubutu kufanya hivyo asirudi kwangu. Ila kumkamata konda mmoja mmoja ukiacha hesabu palepale ni kama kupunguza suruali miguuni wakati kinachobana ni kiuno.

Mama yangu ana miaka 71 na yeye anasema tunalalamika sana. Yeye kapanda mabasi ya UDA, lile shirika la mwaka 1974, kapanda Ikarusi kumbakumba lile refu lenye kiungio katikati, na anakumbuka yalivyokuwa yanapungua moja moja yakiharibika mpaka watu wanapanda vigari vya wizi walivyoviita thumni. Mwaka 1983 serikali ndo ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, nauli shilingi tano, na sarafu ya tano watu walikuwa wanaiita dala, konda anasimama mlangoni anaita dala! dala! Hata jina la huu usafiri wetu ni bei yake. Nilipomsimulia mama mambo ya hesabu akasema hayo yapo tangu siku ya kwanza, sema wakati huo watu walikuwa wachache na mji ulikuwa unaishia karibu.

Na madereva wenyewe walishasema. Aprili 2015 waligoma karibu nchi nzima, daladala na mabasi ya mikoani, wakadai mikataba ya ajira pamoja na lile suala la kurudishwa darasani kila leseni ikiisha muda. Nakumbuka vizuri maana nilitembea kwa mguu kutoka Gongo la Mboto mpaka Airport nikashindwa nikarudi, na niliwatukana njia nzima. Sikujua wanadai nini wala sikuuliza. Nilikuwa nataka gari tu.

Kuna atakayeniambia nisubiri mwendokasi ifike kwetu itamaliza yote. Nasubiri, sina la kufanya, vumbi lake nalila kila siku. Treni ya mjini, ile ya Mwakyembe aliyekuwa waziri wa uchukuzi, ilipoanza 2012 pia tulisubiri kwa hamu na imesaidia wengi, ila tripu zake ni za kuhesabu na ukiikosa umeikosa. Sasa hivi hata ya umeme inapita hukuhuku Pugu, mtu anafika Morogoro kwa kama masaa mawili, kuna siku nimemaliza masaa hayohayo Kariakoo mpaka kwangu, Morogoro ningekuwa nakula supu. Lakini hata mwendokasi ikija, mtu wa Ulongoni, wa Majohe, wa Chanika atahitaji daladala ya kumfikisha huko barabarani, na hesabu itakuwa palepale.

Ninachoomba ni vitu vidogo. Gari likikatisha, kwa sababu yoyote ile hata kama kweli gia haziingii, nauli irudi yote siyo mia mbili, na iandikwe ndani ya gari kwa herufi kubwa pale wanapoandikaga "usitupe taka" ili abiria awe na cha kunyooshea kidole, maana sasa hivi unabishana na mtu anayejua unawahi. Pili hawa wakaguzi, mi nawaona barabarani saa 4 asubuhi wamesimamisha magari, saa 4 asubuhi daladala zote zina adabu, waje Buguruni saa 1 usiku wakae tu dakika 20 hata bila sare waone watu wanavyomwagwa. Hawahitaji tafiti. Na wanaopanga nauli waangalie hiyo mia inayotofautisha wa karibu na wa mbali. Najua ikiongezwa nitakayelipa ni mimi, nimelifikiria hilo kwenye siti siku nyingi, na kwa hesabu zangu ni bora nilipe mia mbili zaidi moja kwa moja kuliko kulipa nauli mbili kwa vipande.

Kwa matajiri sijui niseme nini. Wengine na wao wana mkopo wa gari, wana hesabu yao kwa mtu mwingine huko juu. Lakini kuna tajiri mmoja huku kwetu, ana Kosta mbili, anawalipa suka na konda kwa mwezi na jioni anapokea kilichopatikana, kikiwa kidogo anauliza kikiwa kingi anashukuru. Gari zake tunazijua kwa namba. Zinaondoka na siti tupu! Mara ya kwanza kuona nilidhani wamesahau watu. Kwenye lile kundi letu mtu akiandika tu "za mzee zinakuja" watu wanaacha hata chipsi mezani. Sijui kama anapata faida au anatoa sadaka, yule deiwaka wangu anasema anapata kwa sababu abiria wanamsubiri yeye, mi sijamuuliza, ni mtu mkali. Wewe mwenye waandishi ungemtuma mmoja akamuulize.

Daftari ninalo, huyo mwandishi akilitaka nitamwonyesha, ila alisomee hapahapa maana lina vipimo vya sare ya harusi ya jumamosi, mabinti 12.

Fundi cherehani,
Ulongoni, Dar es Salaam